Mume wa Bitutu Anaitwa Kortini

Ikonge,
14 Machi 1971

Shangazi Nyaboke,

Nilimwona baba akimvunja Bitutu mkono. Sijamwambia mtu yeyote, wala mama, wala Mungu, maana kila nikipiga magoti nasema tu "Wewe unajua," kisha nainuka haraka. Nimeyaweka haya juu kabisa kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitamaliza karatasi kwa salamu.

Sasa nakuamkia. Hujambo huko Nakuru, na Baba Cleophas, na Cleophas mwenyewe ambaye kufikia sasa lazima anatembea? Huku mvua imeanza. Majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma. Nyanya, mama yako, bado anavuta ugoro nyuma ya kanisa siku ya Sabato, na mzee wa kanisa bado anajifanya haoni. Mimi niko kidato cha pili. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa mama anasoma Kikisii cha Biblia, na baba anasoma Kikisii na Kiingereza kidogo cha karatasi za chai. Kiswahili wanakisikia tu sokoni.

Ilikuwa Jumatano moja ya Februari, saa nane mchana. Nilirudishwa nyumbani kwa sababu kichwa kiliniuma, nikapitia kwenye migomba kati ya nyumba yetu na ya Nyanya. Baba alikuwa anapigilia vigingi katikati ya shamba la Nyanya. Unajua maofisa wa kupima ardhi wanakuja mwaka huu, na baba anasema nyumba ya mke wa pili wa babu haina mwana, kwa hiyo shamba lile ni lake. Kila alipopigilia kimoja, Bitutu alikuja nyuma yake akaking'oa. Aling'oa tu, akaweka kikapuni kama anavuna mihogo.

Baba akamuuliza, "Wewe ni mke wa nani hapa?"

Akajibu, "Wa Omwenga."

"Basi mwambie aje anitoe yeye mwenyewe."

Halafu akampiga mara tatu kwa kigingi alichokuwa ameshika. Pigo la pili, mfupa ulilia kama muwa unapovunjwa gotini. Mimi nilikuwa hatua kumi tu, nyuma ya mgomba. Sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nyanya alimpeleka hospitali, akatiwa plasta, kisha akampeleka kortini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sisi wote tunajua kwamba Nyanya alizaa wasichana watupu, na kwamba ng'ombe za mahari yako ndizo zilizomleta Bitutu awe mke wa mwana ambaye Nyanya hakumzaa. Mwana huyo hayupo, ni desturi tu ya nyumba isiyo na mwana; hata jina alipewa, Omwenga, na tunamtaja kama mtu aliyesafiri, kwa heshima ya nyumba. Lakini karani wa korti ni mgeni. Aliuliza, "Mume wake ni nani?" Nyanya akajibu kama inavyojibiwa kwetu: Omwenga wa Nyangate. Anaishi wapi? Nyumbani. Mbona hakuja? Amesafiri. Karani akaandika yote, neno kwa neno. Baba naye akaitwa, akaja na koti lake la Sabato, akasema Bitutu aliteleza kwenye matope. Hakimu akasema ugomvi wa boma hausikilizwi nusu nusu, mwenye mke aje kwanza aseme kama anaitaka kesi.

Sasa korti inamtaka Omwenga, Shangazi.

Bitutu hawezi kurudi kwao. Akirudi, mtoto wake Nyamusi atabaki huku, maana mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na ana miaka minne tu. Akikaa, baba bado ana vigingi. Anahitaji mtu aliyeona. Mimi ndiye niliyeona. Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako,
Gesare


Nakuru,
2 Mei 1971

Mwanangu Gesare,

Barua yako ilifika Machi, nami najibu Mei. Usiniulize.

Sisi ni wazima. Cleophas anatembea, na juzi alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ndoo ya maji ya jirani akakaa ndani. Baba Cleophas anafanya kazi ya zamu kule reli. Akiwa na zamu ya mchana nyumba inakuwa na utulivu. Wewe unaandika Kiswahili cha mwalimu. Mimi nitakujibu kwa Kiswahili cha soko la Nakuru, tuvumiliane.

Yale uliyoandika juu kabisa ya karatasi sikuyasoma. Nilianzia kwenye "sasa nakuamkia." Kisha nikaitia karatasi yote jikoni, ikachemsha chai. Umenielewa? Wewe unakula katika sufuria ya nani? Ada yako inatoka wapi? Macho hayana hatia, mwanangu, lakini mdomo una mwenye nyumba.

Mwambie Nyanya jambo moja. Ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza, kwamba mkono ulivunjwa na kitu kigumu, asiiweke kwake. Ampe mwalimu wako Onchiri aifungie shuleni. Nimeona wanawake huku wakifika mbele ya hakimu na makovu, wakaambiwa karatasi iko wapi.

Kuhusu Omwenga, mama hakukosea, alijibu kwa adabu. Tatizo ni kwamba serikali haina adabu, ina kalamu.

Utaniuliza kama nitakuja kusema kwamba ng'ombe zilikuwa zangu. Barabara ina matope msimu huu. Na Baba Cleophas hapendi nisafiri.

Nisalimie Bitutu. Mwambie nakumbuka siku aliyoingia kwetu, alivyokataa kula mpaka aonyeshwe mahali pa kunawa mikono. Nilisema siku ile, huyu ana kichwa.

Shangazi yako,
Nyaboke


Ikonge,
20 Juni 1971

Shangazi mpendwa,

Natumaini Cleophas ameikomesha ndoo. Sisi tuko salama, ila ng'ombe mwekundu amekufa kwa kula mahindi mabichi, na mama anakohoa. Fomu iko kwa mwalimu Onchiri. Hakuuliza kitu, alisafisha miwani tu.

Nilikwenda kortini na Nyanya na Bitutu. Nyanya alinichukua niwe masikio yake, kwa sababu korti inasema Kiswahili na mkalimani anafupisha. Ni kweli anafupisha. Bitutu alisimama akaeleza kwa Kikisii muda mrefu, vigingi, kikapu, mahali jua lilipokuwa, neno alilosema baba, mpaka jasho likamtoka chini ya plasta. Mkalimani akageuka kwa hakimu akasema, "Anadai alipigwa." Basi. Nilijua maneno yote yaliyobaki yanavyosemwa kwa Kiswahili, na nilikaa nimeyameza.

Hakimu akauliza, "Mume wake amekuja?"

Nyanya akasema, "Yuko njiani."

Askari akaenda mlangoni akaita kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Omwenga wa Nyangate! Omwenga wa Nyangate! Omwenga wa Nyangate!"

Watu wote waligeuka. Nyanya aligeuka. Baba, aliyekuwa upande ule mwingine, aligeuka, na uso wake ukabadilika. Mimi najua kuliko mtu yeyote kwamba hakuna mtu, na nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, nje kulikuwa na jua tupu. Kisha mama mmoja kwenye benchi letu, mama nisiyemjua, akajisogeza, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Watu walikuwa wamesimama ukutani kwa kukosa pa kukaa, lakini hakuna aliyeikalia nafasi ile mpaka tukatoka.

Hakimu akaamuru Omwenga apelekewe samansi nyumbani.

Kwenye kituo cha kununua majani sasa wana mchezo mpya. Wanawake wanamuuliza, "Bitutu, bwana yako ni mrefu ama mfupi?" Naye, huku anamwaga kikapu kwa mkono mmoja, anawajibu, "Ni mpole. Hajawahi kunipiga." Wanacheka, halafu kila mmoja anainamia kikapu chake, na mwenye mizani anajifanya anasoma mizani.

Tarishi wa korti alikuja Alhamisi, siku ya manyunyu na ukungu. Anaitwa Ogari, si mtu wa huku. Hakupata mtu nyumbani kwa Nyanya, wote walikuwa kanisani kwa mazishi. Lakini karatasi ilirudi kortini ina alama ya dole gumba. Ogari ameapa kwamba alimkuta mwanaume katikati ya majani chai ya Nyanya, amempa mgongo. Akamuuliza, "Wewe ni Omwenga?" Yule akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Ogari akampaka wino, akabonyeza, akampa karatasi yake. Anasema mkono ulikuwa baridi, lakini mvua ilikuwa inanyesha, mkono wa nani ungekuwa na joto?

Alhamisi ile baba alikuwa Kisii mjini. Najua kwa sababu mimi na mama tulikuwa naye, tulibeba ndizi.

Tangu siku hiyo Nyanya anamwekea mwanawe uji kila asubuhi, kwenye kigoda mlangoni. Kikombe kinarudi kitupu. Mama anasema ni kuku. Watu wengine wanasema ebirecha, mizimu ya wazee, hawapendi kuitwa majina yao na serikali. Mimi sasa sipiti kwenye majani chai yale.

Niambie kitu, Shangazi. Hata kama ni kunigombeza.

Gesare


Nakuru,
5 Septemba 1971

Mwanangu Gesare,

Usishangae mwandiko, anayeandika ni Mama Jethro, jirani yetu mwema. Mkono wangu wa kulia una shida kidogo. Niliteleza.

Barua yako ilinikuta, lakini Agosti ilikuwa na mambo mengi. Cleophas alipata surua akapona. Baba Cleophas amebadilishiwa zamu, sasa yuko nyumbani sana.

Kuhusu uji nitakuambia siri, na Mama Jethro anacheka anapoiandika. Tulipokuwa wadogo, kila mavuno ya wimbi mama alimwekea Omwenga ugali na mboga ya chinsaga kwenye kigoda kile kile, akatuambia mwana wa nyumba atakula usiku. Asubuhi sahani tupu. Dada zangu walitetemeka. Aliyekuwa anakula ni mimi. Miaka sita, Gesare. Ndiyo maana nilikuwa mnene kuliko wote. Mama alijua, nafikiri. Siku moja aliweka chumvi zaidi kama ninavyopenda mimi.

Kwa hiyo usiogope majani chai. Ogari alimkuta mtu. Sijui nani, lakini mwenye kuacha alama ya dole ana dole. Badala ya kuangalia ukungu, angalia mikono ya watu.

Nyanya ameniletea salamu kwamba nije. Mwambie nimezipata.

Mama Jethro anauliza kama aandike kitu kingine, nami nimemwambia hapana.

Nyaboke


Ikonge,
26 Septemba 1971

Shangazi mpendwa,

Pole kwa mkono. Naandika pole tu kwa sababu hukuniambia zaidi. Bitutu alitolewa plasta, mkono wake umepona umepinda kidogo, akiunyoosha unaangalia pembeni. Nyamusi amejifunza kuhesabu mpaka ishirini, lakini anaruka kumi na tatu. Mama bado anakohoa.

Nimeangalia mikono.

Jumatatu tuliitwa kortini, na kabla Bitutu hajafungua mdomo karani akasoma karatasi: "Mimi Omwenga wa Nyangate, mume halali wa Bitutu, nimemsamehe kaka yangu Machogu, nami naiondoa kesi hii kwa kuwa ni jambo la nyumbani." Chini yake kulikuwa na dole gumba la rangi ya zambarau, na mhuri wa naibu wa chifu wetu kwamba Omwenga alifika mbele yake yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu.

Hakimu alionekana kufurahi. Alimwambia Bitutu, "Mama, mume wako ni mtu mwenye busara." Bitutu akasema kitu. Mkalimani akasema, "Anashukuru." Hakushukuru, Shangazi! Alisema, "Nionyesheni huyo mtu." Tarehe 8 Novemba kesi itafungwa, isipokuwa mtu awe na jambo jipya la kusema.

Sasa sikia. Siku tatu kabla ya hapo, asubuhi, baba alikuja jikoni kunywa chai. Alipokishika kikombe niliona gumba lake. Zambarau mpaka chini ya ukucha. Mama aliona kwamba nimeona. Akachukua limau na majivu, akamshika baba mkono kama anavyomshika mtoto, akaanza kusugua. Baba alikuwa na furaha. Akasema, "Nani aliwaambia nyumba ile haina mwana? Jana nilikuwa naye kwa naibu wa chifu. Kijana wa amani sana, Omwenga. Kuliko mke wake." Akacheka mpaka chai ikamwagika. Mama aliendelea kusugua. Baba alipotoka, mama akaniambia bila kuniangalia, "Gesare, macho yako yaangalie moto."

Kwa hiyo dole la Septemba najua ni la nani. La Juni bado silijui. Nilimwuliza karani kwa aibu nyingi kama yanafanana. Akayaweka pamoja kwenye dirisha, akayatazama, akaziweka karatasi haraka kwenye faili akaniambia niende shule.

Nilimwambia Nyanya aseme tu ukweli, kwamba Omwenga hayupo, na karatasi itakuwa ya uongo. Alikuwa anapepeta wimbi. Akaacha.

"Nikisema hivyo mbele ya serikali, Bitutu ni mke wa nani?"

Nikaanza kuokota punje zilizomwagika.

"Nyamusi ni mtoto wa nani? Shamba litaandikwa jina gani? Baba yako anangoja niseme hivyo, mtoto wangu. Nikimwua mwanangu kwa mdomo wangu, anatuzika sisi watatu siku hiyo hiyo."

Umeona mtego? Omwenga akiwepo, ameondoa kesi. Asipokuwepo, Bitutu si mke wa mtu, hana nyumba wala mtoto. Nimeigeuza kichwani kama hesabu za mwalimu Onchiri na sipati njia ya kutoka.

Na bado sijamaliza. Juzi kisimani Bitutu alinisaidia kujitwika mtungi. Akasema polepole, "Sare yenu ya buluu inaonekana sana kwenye migomba."

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuwaambia kortini?"

"Nikilitaja jina lako, utalala wapi?"

Akachukua mtungi wake akaenda. Tangu Februari, Shangazi. Amejua tangu Februari, na kila asubuhi ananisalimia.

Gesare


Nakuru,
17 Oktoba 1971

Gesare,

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na herufi zinaanguka kama walevi, zivumilie. Mama Jethro ni mwema lakini haya si ya kumpa. Mtoto ni mzima. Baba Cleophas ni mzima.

Barua yako ya Machi sikuichoma. Nilikudanganya. Iko ndani ya mto ninaolalia.

Hapa Nakuru pia kuna polisi. Mwezi wa nane nilifika kwenye meza yao. Askari aliniuliza, "Mume wako yuko wapi?" Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameninyooshea mwavuli nisinyeshewe. Askari akamsalimu, wakaulizana habari za reli. Nikasema nimekuja kuulizia kitambulisho kilichopotea. Tukarudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja.

Sitasema zaidi ya hapo, na usiniulize.

Lakini tangu siku ile nafikiri hivi. Bitutu, mume wake hayupo, wakasema hatuwezi kumsikia mpaka aje. Mimi, wangu yupo, wakamsikia yeye. Kwa hiyo swali lenyewe ni bovu. Kwa nini wanauliza mke wa nani? Mkono uliovunjika una mwenyewe. Mtu akimvunja mpita njia mkono sokoni Marani, hakimu haulizi mpita njia ameolewa na nani, anauliza nani aliona.

Mwenye kuona hahitaji kumtaja Omwenga. Hahitaji kusema yupo wala hayupo. Anasema tu kigingi na mkono na saa. Nyumba ya mama inabaki imesimama.

Sikuambii ufanye. Mimi ni mtu aliyeulizia kitambulisho. Nakuambia tu kwamba mlango huo upo.

Nyaboke


Ikonge,
7 Novemba 1971

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu wewe na mkono wako, wa kulia na wa kushoto. Barua yako mwalimu Onchiri alinipa ndani ya kitabu cha jiografia. Mvua za vuli zimeshika, kila siku saa nane kama kengele. Nyamusi ameipata kumi na tatu, sasa anaisema mara mbili kufidia. Kikohozi cha mama kimepungua.

Kesho ni tarehe nane. Nimemwambia Nyanya kwamba nitakwenda naye tena, na akafikiri ni kama siku zote, masikio. Bitutu aliniangalia akajua. Akasema, "Utavaa sare?" Nikasema ndiyo. Akaichukua, akaifua, akaikausha juu ya moto wake mwenyewe, na sasa ina harufu ya moshi wa jikoni kwao.

Nimeandika maneno yangu mapema kwa sababu najua nikisimama mbele ya watu sauti inakimbia. Nimeyaandika Kiswahili ili mkalimani asiwe na kitu cha kufupisha, na nyuma yake Kiingereza, kama hakimu atapenda zaidi. Nayanakili hapa, mtu mmoja angalau ayasome hata kama kesho nitashindwa:

"Mimi ni Gesare binti Machogu, nina miaka kumi na sita. Jumatano ya pili ya Februari saa nane mchana nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba, hatua kumi. Nilimwona baba yangu Machogu akimpiga Bitutu kwa kigingi cha mti, mara tatu. Pigo la pili lilivunja mkono wa kushoto. Bitutu hakuteleza. Hakukuwa na matope, mvua ilikuwa haijaanza. Fomu ya daktari iko kwa mwalimu wangu. Nilinyamaza miezi tisa kwa sababu niliogopa, na bado naogopa."

Ni hayo tu. Nimeyasoma mara nyingi na kila mara naona ni machache. Ya naibu wa chifu na dole sikuyatia. Nikiyatia, wataniuliza kama Omwenga yupo, na sitaki kujibu hilo maishani mwangu. Omwenga sikumtaja kabisa, hata mara moja.

Nimejiuliza usiku wa kesho nitalala wapi. Nyanya atanipa pembe ya nyumba, nafikiri. Ada sijui. Mama sijui. Hilo la mama ndilo linalonichoma, kwa maana mimi nitatoka na yeye atabaki. Jana alipokuwa ananisuka nywele alivuta zaidi ya kawaida, kisha akaacha mikono yake kichwani kwangu muda mrefu bila kufanya kitu. Sikugeuka. Nilifikiri nikigeuka nitamwambia, na nikimwambia ataniomba nisiende, na akiniomba nitakubali.

Niko peke yangu mezani. Mvua inapiga mabati mpaka sisikii kalamu. Baba amelala chumba cha pili baada ya chakula, namsikia akikoroma. Mama amekwenda kwa Nyanya kupeleka moto.

Kuna mtu anakuja, dirishani naona kivuli tu kwenye mvua.

Anatoka upande wa majani chai, siyo upande wa barabara. Anatembea polepole, kama mtu ambaye mvua haimhusu. Kwanza nilidhani ni mama, lakini mama angekimbia na jani la mgomba kichwani. Sasa amefika chini ya ukingo wa bati, maji yanamdondokea, nasikia yanavyobadilisha sauti yakianguka juu ya kitu badala ya chini. Habishi hodi. Nimesikiliza chumba cha pili. Kukoroma kumekoma, na sijui kulikoma saa ngapi.

Kama ni mama, atanitazama tu. Kama ni baba, aliyepitia mlango wa nyuma, atatafuta jina lake na atalipata, nimeliandika wazi. Na kama ni yule mwingine, namwambia kwa heshima ya nyumba yake: sikukutaja, baba mdogo. Usiingie kati tena. Kesho ni ya Bitutu.

Komeo linasogea. Karatasi ya korti nimeikunja mara nne nikaitia ndani ya kiatu, na kiatu nimekivaa. Hii yako naificha.